Mwana wa Msemaji: Habari za Maisha ya Dakta Aggrey

Katika sharika zetu wako watu wengi wenye hekima ambao neno lao halijapata kusikiwa. Mzee wa kanisa anajua shauri lililo jema, lakini akiambiwa asimame mbele ya mkutano miguu humtetemeka, na maneno yote aliyoyapanga nyumbani humtoroka. Mama anajua shida za wajane kuliko sisi wachungaji, lakini hunyamaza, na shauri hukatwa na mtu asiyezijua. Hasara yake si ndogo. Tena wengi hudhani ya kuwa kusema mbele ya watu ni kipawa ambacho mtu huzaliwa nacho, na asiyezaliwa nacho hana la kufanya. Kwa ajili ya hao nimeona vema kuandika habari za Dakta James Emman Kwegyir Aggrey, Mwafrika aliyesifiwa sana kwa usemi wake katika siku zake, ambaye mwaka wa 1924 alifika hata nchi yetu, ilipokuwa ikiitwa Tanganyika.

Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba, mwaka wa 1875, katika mji wa Anomabo, pwani ya nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo siku hizi ni Ghana. Watu wake ni Wafante. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa na cheo cha heshima katika baraza la mfalme wa mji ule, cheo kiitwacho okyeame, yaani msemaji. Kwa desturi yao mfalme hasemi na watu moja kwa moja barazani. Hunena, na okyeame, ameshika fimbo ya cheo chake yenye sanamu kichwani, hulitwaa neno lile na kulitangaza kwa usemi mzuri uliopambwa kwa mithali. Neno la watu nalo hupitia kwake kabla ya kumfikia mfalme. Basi kazi hii haitaki mtu wa maneno mengi. Yataka mtu asikiaye vizuri, akumbukaye vizuri, ajuaye desturi na hukumu za wazee, tena asiyetia lake katika neno la mwingine. Akikosea, huenda watu wakagombana kwa ajili ya ulimi wake. Msomaji wa Biblia atakumbuka jinsi Musa alivyojitetea mbele za Mungu kwa kuwa ulimi wake ulikuwa mzito, akapewa Haruni ndugu yake awe kinywa chake. Baba yake Aggrey alikuwa Haruni wa mji wa Anomabo, na mtoto alikua akiona ya kwamba msemaji hasimami kwa ajili ya nafsi yake, bali amebeba neno la watu.

Mwaka wa 1883 alibatizwa katika misioni ya Wamethodisti, akapewa jina la James. Wamisionari waliona bidii yake, wakamfundisha, na alipokuwa bado kijana mdogo akatiwa kazini kufundisha shule. Hapo ndipo alipoanza kujifunza kusema, mbele ya watoto. Mtoto hajui kujifanya amefahamu. Neno lisipomwingia, hupiga miayo au humchokoza mwenziwe, na mwalimu hujua mara moja ya kuwa anatwanga maji kinuni. Siku zile serikali ya Waingereza ilitaka kutunga sheria juu ya ardhi ya nchi ile, na mwaka wa 1897 wenyeji wakaunda chama cha kulinda haki zao. Aggrey alikuwa miongoni mwa waliokisaidia. Sheria ile ikaachwa, na kijana akaona jinsi neno lililopangwa vema linavyoweza kulinda shamba la mtu asiyejua hata kusoma.

Mwezi wa Julai, mwaka wa 1898, akiwa na umri wa miaka 22, alisafiri kwenda Marekani kusoma katika Chuo cha Livingstone, mjini Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho ni cha kanisa la watu weusi liitwalo A.M.E. Zion. Akamaliza mwaka wa 1902 kwa heshima kubwa, akawekwa kuwa mwalimu papo hapo, na katika kazi hiyo akakaa hata mwaka wa 1920. Mwaka wa 1903 akabarikiwa kuwa mchungaji, na mwaka wa 1905 akamwoa Bibi Rose Douglass, mzaliwa wa Virginia. Baadaye alizidisha masomo yake katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wasomaji wakumbuke ya kuwa katika majimbo yale ya kusini watu weusi walitengwa na weupe katika shule, katika magari ya moshi na hata makaburini. Katika nchi kama hiyo mtu mweusi aliyetaka kusema neno la kweli ilimpasa kulipima mara mbili.

Nataka tukae kidogo juu ya miaka ile, kwa sababu wengi huyatazama makutano makubwa ya mwisho wa maisha yake na kuusahau utumishi mdogo uliomtengeneza. Mbali na kazi ya chuoni, tangu mwaka wa 1914 alichunga sharika mbili ndogo za wakulima vijijini. Watu wale wengi hawakuwa na elimu, na wiki nzima walikuwa shambani. Mtu aliyesoma sana akisimama mbele ya watu wa namna hiyo huwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuwaonyesha elimu yake, nao wakastaajabu wasifahamu. Cha pili ni kuwadharau na kuwapa maneno mepesi yasiyo na chakula. Aggrey aliviepuka vyote viwili. Aliwahubiri Injili, akazungumza nao pia juu ya kilimo na kuweka akiba, mambo waliyoyahangaikia siku zote. Mtu aliyezoea miaka kadhaa kuyaleta mambo mazito mbele ya mkulima aliyechoka hataogopa tena mkutano wo wote.

Mwaka wa 1920 mfuko wa Phelps-Stokes wa New York uliunda tume ya kutazama hali ya elimu katika Afrika, mkuu wake akiwa Bwana Thomas Jesse Jones. Aggrey alichaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe, naye alikuwa Mwafrika peke yake kati yao. Wakazunguka Afrika ya Magharibi, wakafika hata Afrika Kusini mwaka wa 1921. Kila mahali aliombwa kusema. Katika mji wa Lagos kijana mmoja wa shule, Nnamdi Azikiwe, alimsikia akatiwa moyo wa kutafuta elimu. Kijana huyo baadaye akawa Rais wa kwanza wa Nigeria.

Tume ya pili ikaja pande zetu mwaka wa 1924. Walipita Uhabeshi, Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja na Nyasa, na habari zake zikapigwa chapa mwaka uliofuata. Aggrey hakuwa mtu wa Kiswahili. Alisema kwa Kiingereza, na penye watu wasiokijua ilibidi neno lake lipite katika kinywa cha mfasiri. Hivyo mwana wa msemaji naye akawa na msemaji. Ye yote aliyepata kufasiriwa ajua ya kuwa hapo mapambo ya lugha hupukutika yote njiani, na hubaki maana tu. Kama maana haikuwapo tangu mwanzo, wasikilizaji huona utupu. Neno la Aggrey lilivuka. Inasimuliwa ya kuwa Dar es Salaam alionana na Kleist Sykes, akamshauri Waafrika waunde chama chao. Mwaka wa 1929 kikaundwa chama cha African Association, Sykes akiwa mmoja wa waanzilishi wake, na katika mti huo mwaka wa 1954 likachipuka tawi la TANU lililoleta uhuru wa nchi yetu.

Sasa tuuangalie usemi wake ulivyokuwa. Mara nyingi mbele yake waliketi watu wa namna mbili katika nyumba moja: Wazungu waliotawala, na Waafrika waliotawaliwa. Neno lililowapendeza hawa lingaliweza kuwachoma wale. Aggrey, kama baba yake, alitumia mithali. Alipotaka kuwaambia ya kuwa weusi na weupe wanahitajiana, aliwaelekeza kwenye kinanda: mtu aweza kupiga wimbo wa namna fulani kwa vibao vyeupe peke yake, na wimbo wa namna fulani kwa vyeusi peke yake, lakini uzuri kamili wa sauti wataka vyote pamoja. Alipotaka kuwaamsha Waafrika waliofundishwa kujidharau, aliwasimulia habari za tai aliyelelewa na kuku hata akajidhania kuwa kuku, mpaka alipoonyeshwa jua akaruka. Mifano hiyo miwili ilizunguka Afrika nzima. Mtawala hakupata neno la kushtaki ndani yake, na mtawaliwa alilipata neno lake zima. Tena alikuwa mcheshi. Watu walicheka, na katika kicheko mioyo ikafunguka.

Walakini si wote waliomsifu. Wako Waafrika waliosema ya kuwa alikuwa mpole mno, na ya kuwa Wazungu walimpenda kwa sababu hakuwatisha. Wafuasi wa Marcus Garvey, waliotaka maneno makali, hawakupendezwa naye. Lawama hiyo haifai kupuuzwa. Mfano mzuri waweza kuwa blanketi la kufunikia dhuluma, na msikilizaji akaenda zake amefurahi asibadilike. Mimi naona jibu limo katika matunda. Waliousikia mfano wa tai hawakurudi kulala. Wengine walivuka bahari kutafuta elimu, wengine waliunda vyama, na katika kizazi kimoja walidai nchi zao. Neno lake lilikuwa pole, lakini mbegu yake haikuwa pole.

Mwisho wake ulikuwa kazi, si makutano. Gavana Guggisberg wa Gold Coast alitaka kujenga chuo kikubwa mahali paitwapo Achimota, karibu na Accra, na mwaka wa 1924 Aggrey alikubali kurudi nyumbani awe msaidizi wa mkuu wa chuo, Mchungaji A. G. Fraser. Alishindania sana wasichana nao wafundishwe, kwa kuwa aliamini ya kuwa mwanamke akifundishwa jamaa nzima imefundishwa. Katika siku zile alijulikana pia na kijana Kwame Nkrumah, ambaye kifo chake kilimhuzunisha mno. Chuo kilifunguliwa rasmi mwezi wa Januari, 1927, na ngao yake ikachorwa vibao vyeusi na vyeupe vya kinanda. Mwaka huohuo Aggrey akaenda ng'ambo kumaliza maandiko yake ya Columbia, akaugua ghafula, akafa New York tarehe 30 Julai, 1927, mwenye umri wa miaka 51.

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wazee na walimu wa Kwashemshi na vijiji vya jirani, habari hizi zina mafundisho yanayotufaa. Hapa petu, tangu siku za mashamba ya mkonge, watu wa makabila mengi wamekaa pamoja, Wasambaa, Wazigua, Wabondei, na wengine waliotoka mbali kuja kufanya kazi. Msemaji hapa husimama mbele ya masikio ya namna nyingi, kama Aggrey alivyosimama. Basi asiyezoea kusema aanze mahali padogo: awafundishe watoto wa Shule ya Jumapili, au aongoze sala ya jioni nyumbani, aone kama neno linaingia au linapita. Kabla ya kusimama, awasikilize kwanza wale atakaowasemea, ajue hasa wanataka nini. Aliweke shauri lake katika neno moja ambalo mfasiri angeweza kulichukua bila kulimwaga. Jambo zito alipe mfano wa kitu ambacho wote wamekiona, jembe, mto au moto wa jikoni. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa hiyo asione haya kulipima neno lake kimya kimya njiani kabla ya kufika barazani. Na akiisha kulisema, aketi.

Tena wenye kuongoza mikutano tukumbuke sehemu yetu. Okyeame hakusema peke yake. Lilikuwako baraza lililonyamaza limsikilize. Mama mwenye habari za wajane akisimama na sauti ikitetemeka, asichekwe wala asikatizwe. Apewe nafasi, amalize neno lake, ndipo shauri likatwe.