Lumumba na karatasi ya njia

Patrice Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kule Onalua, Sankuru. Wote tunamujua kama Waziri Mukuu wa kwanza wa Kongo. Lakini mbele ya siasa alikuwa kijana wa kuhamahama juu ya kutafuta kazi, sawa vijana wetu wa Butembo na Beni.

Ile wakati ya Wabeleji, mutu mweusi hakuhama ovyo. Kwenda kukaa fasi ingine kulihitaji ruhusa ya leta, passeport de mutation. Ilikuwa visa ndani ya inchi yako mwenyewe. Lumumba alipita upande wa Kindu, akafanya kazi kwa kampuni ya madini Symétain. Mwaka 1944 alifika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akawa karani wa posta. Kule akaongoza pia chama cha wafanyakazi weusi wa leta. Aliomba karte ya immatriculation, iliyomupa mweusi sehemu ya haki za wazungu. Kwanza walimukatalia, akaipata mwaka 1954.

Desemba 1958 Waafrika walikutana Accra. Kasa-Vubu alizuiwa kusafiri, eti karatasi yake ya chanjo haiko sawa. Lumumba alifika. Aliporudi Léopoldville, alidai uhuru mbele ya umati.

Januari 1960 alikuwa gerezani. Mukutano wa Brussels ulipomuhitaji, leta ile ile iliyomufunga ikamufungua na kumupandisha ndege. Kumbe njia ilikuwako. Ilikosa paka nia.

Tarehe 27 Novemba 1960, serikali yake ikiwa imeondolewa, alitoroka Léopoldville kwenda Stanleyville. Hakufika. Alikamatwa njiani, akauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Jino lake, lililobaki Ubelgiji, lilirudi Juni 2022 na kupokelewa kwa heshima zote za leta.

Leo mama aliyekimbia Oicha ao Mbau usiku, mutoto mugongoni, hakupata nafasi ya kutafuta karte ya électeur. Kwenye barrière wanamuuliza karatasi. Akifika Kasindi ili avuke Uganda, wanamuuliza tena. Asiye nayo anatoa franga ao anarudishwa kule alikotoka, kwenye risasi.

Sisi wa sindika ya wachimbaji tunaomba kitu kimoja: mukimbizi apewe karatasi mupya, bure, mbele ya kuulizwa ile ya zamani. Kama leta iliweza kufungulia Lumumba gereza kwa siku chache, haiwezi kushindwa na karte ya mama mumoja.