Jean Hissette, daktari aliyeeleza kwa nini watu wa Sankuru walipofuka

BUNAGANA – Wakaaji wengi wa teritori ya Rutshuru wanaijua ile fimbo yenye alama, inayopima urefu wa mtu kabla hajapewa vidonge vya Mectizan. Urefu ndio unaoonyesha ameze vidonge vingapi. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi, mama mwenye mimba naye hapewi. Wasiojulikana sana ni wale waliofungua njia ya vidonge hivyo. Mmoja wao alifanya kazi hapa hapa Kongo, kando ya mto Sankuru: Jean Hissette, Mbelgiji, daktari wa macho, aliyezaliwa mwaka 1888.

Hissette hakugundua mnyoo. Ulikuwa umekwisha kujulikana. Mjerumani Leuckart aliueleza mwaka 1893, kutokana na vinundu vilivyotolewa katika miili ya watu wa nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1904 Mfaransa Émile Brumpt aliandika juu ya watu wenye vinundu kando ya mto Uele, kaskazini mwa Kongo. Kwa madaktari wa wakoloni, huo ulikuwa ugonjwa wa ngozi tu: mtu anajikuna, ana kinundu kiunoni au kichwani, basi.

Kumbe mbali sana, nchini Guatemala, daktari Rodolfo Robles alikuwa ameonyesha tangu 1915 kwamba mnyoo wa namna hiyo unaharibu macho. Mbona basi hawakupima macho ya Waafrika? Sababu moja ni kwamba mnyoo wa Amerika ulihesabiwa kuwa wa aina nyingine. Brumpt huyo huyo aliupa jina lake la pekee mwaka 1919, jina lenye maana ya kupofusha. Hivyo wa Amerika ukawa mbaya, na wa Afrika ukaachwa.

Mwaka 1930 Hissette aliingia katika nchi ya Wabindi, kwenye mto Sankuru, akakuta vipofu wengi kupita kawaida. Alipima macho, ngozi na vinundu kwa pamoja. Aliona mboni iliyovutwa chini mpaka ikafanana na pera. Aliona makovu nyuma kabisa ya jicho, mahali ambapo daktari haoni bila chombo. Halafu akachunguza jicho lililotolewa kwa mgonjwa, na ndani ya nyama yake akakuta watoto wa ule mnyoo. Hapo ubishi ungepaswa kuisha.

Aliyachapa hayo mwaka 1932, katika jarida la chama cha Wabelgiji cha magonjwa ya nchi za joto. Miaka miwili baadaye, mwaka 1934, msafara wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, ukiongozwa na Richard Strong, ulikuja Kongo kutazama wenyewe. Pamoja naye alikuwapo Joseph Bequaert, mtaalamu wa wadudu. Wakakuta Hissette alisema kweli.

Leo makovu yale ya nyuma ya jicho yana jina lake na la Mwingereza Harold Ridley, aliyeyachunguza nchini Ghana, na ambaye mwaka 1949 alikuwa wa kwanza kuweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mtu. Ni heshima wanayostahili. Lakini ni vigumu kutoona kwamba hakuna kijiji hata kimoja cha Sankuru kilichopewa nafasi katika jina hilo.

Ugonjwa wenyewe, ambao hospitalini unaitwa onkosekozi na ambao Watanzania wanauita usubi, unaletwa na nzi mdogo mweusi anayezaa kwenye maji yanayokimbia kwa nguvu. Ndiyo maana vipofu walikuwa wengi karibu na mito. Mnyoo jike unaweza kuishi mwilini zaidi ya miaka 10, ukizaa bila kuchoka. Watoto wake wanatembea chini ya ngozi, na wakifika jichoni wakafia humo, jicho linavimba, linapata makovu, mwishowe linazima.

Baada ya Hissette, vita vilielekezwa kwanza kwa nzi. Mwaka 1948 ndege zilimwaga DDT juu ya maporomoko ya mto Kongo, pale Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kenya nayo ilimmaliza nzi wake kwa dawa hiyo hiyo katika miaka ya 1950. Hissette alikufa mwaka 1965, kabla ya kuona dawa ambayo watu wote wa kijiji wangeweza kumeza. Ivermectin, ndiyo Mectizan, ilianza kutolewa bure na kampuni ya Merck mwaka 1987, na waliogundua dutu yake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kwa msomaji wa Bunagana, jambo la kushika ni hili: kidonge kinaua watoto wa mnyoo, hakiui mama yao. Kwa hiyo dawa inarudiwa kila mwaka, miaka mingi mfululizo. Aliyekimbia vita, akalala Kisoro au kambini wakati wagawaji wanapita kijijini kwake, bado anabeba mnyoo unaozaa, hata kama alimeza vizuri mwaka uliotangulia. Aulize dawa kwenye kituo cha afya cha mahali alipo sasa, wakati bado anaona, maana jicho lililokwisha kuzimwa na ugonjwa huu Mectizan hairudishi.