Kardinali Hinsley na Shule za Afrika

Mtu asomaye habari za elimu katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki hukutana na majina ya magavana na wakurugenzi wa elimu wa Serikali ya Kiingereza. Jina la Arthur Hinsley halioni mara nyingi, ijapokuwa mzee huyo alikaa Mombasa akiwa mjumbe wa Baba Mtakatifu, na shauri alilowapa wakuu wa misheni mjini Dar es Salaam mwaka 1928 liligeuza mwendo wa shule nyingi.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti, 1865, katika kijiji cha Carlton, Yorkshire. Baba yake alikuwa seremala, na mama yake alikuwa Mwairishi. Akiwa bado mtoto alipelekwa seminari ya Ushaw, kisha akaenda Roma, na mwaka 1893 akapewa upadre. Mwaka 1900 alianzisha shule ya St. Bede's mjini Bradford, mji wa viwanda vya sufu. Baadaye alihitilafiana na askofu wake, akahama, akafanya kazi ya parokia kusini ya nchi. Tangu ujana wake hakuwa mtu wa kuficha neno moyoni. Mwaka 1917 alirudi Roma kuwa mkuu wa Chuo cha Kiingereza, na yapata miaka kumi baadaye Papa Pius XI akamtuma kuzikagua misheni za Kikatoliki katika makoloni ya Waingereza.

Yafaa tueleze kwa nini alitumwa yeye. Mwaka 1925 Serikali ya Kiingereza ilitangaza siasa mpya ya elimu kwa Waafrika: misheni itakayotimiza masharti ya Serikali, na kukubali wakaguzi wake, itapata fedha za kusaidia shule zake. Waprotestanti waliikubali upesi. Kwa Wakatoliki mambo yalikuwa mazito zaidi. Mapadre wao wengi walikuwa Wafaransa, Wajerumani, Waholanzi na Wataliani, ambao Kiingereza kiliwapa taabu, na Serikali haikuwaamini sana. Shule zao nyingi zilikuwa vibanda vya nyasi, ambamo katekista alifundisha sala na herufi chache. Wengine walihofu kwamba anayepokea fedha za Serikali hana budi kuwa mtumishi wake. Roma ilihitaji Mwingereza atakayesikilizwa na pande zote mbili.

Hinsley alisafiri nchi baada ya nchi, na mwezi wa Agosti, 1928, alikutana na wakuu wa misheni katika Dar es Salaam. Aliwaambia wazi washirikiane na Serikali kwa nguvu zao zote. Na kama hawawezi kufanya kazi ya kanisa na kazi ya shule kwa wakati mmoja, basi waache makanisa yangoje, wakamilishe shule. Neno hilo lilitoka katika kinywa cha askofu aliyetumwa na Papa! Mapadre waliozeeka katika kazi ya kubatiza walishtuka. Lakini yeye aliona kwamba watoto wa Afrika watakwenda shule kwa vyovyote, na Kanisa lisilokuwa na shule njema litawapoteza.

Mwaka 1930 alifanywa Askofu Mkuu na Mjumbe wa Papa katika Afrika ya Waingereza, makao yake Mombasa. Vyuo vya waalimu vikaongezeka, na shule za sekondari zikafuata. Wengi walioshika kazi za nchi siku za uhuru walipita katika shule za misheni. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ijapokuwa alisoma shule za Serikali, alifundisha St. Mary's ya Tabora na St. Francis ya Pugu.

Hata hivyo tusimpambe mtu kupita kiasi. Shauri lile lilikuwa baina ya wakoloni na wamisionari, na Mwafrika hakuulizwa. Serikali ilitaka makarani na waalimu kwa gharama ndogo, na misheni ilitaka waumini. Tena fedha za umma zilipopita kwa misheni, watoto wa Kiislamu, ambao wazazi wao waliogopa kuwapeleka kwa mapadre, waliachwa nyuma, na kasoro hiyo ilidumu miaka mingi. Katika Tanzania shule hizo zilitwaliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1969.

Mwaka 1934 ugonjwa ulimwondosha Afrika. Alikwenda Roma kupumzika, akidhani kazi yake imekwisha, lakini mwaka 1935, akikaribia miaka 70, aliitwa kuwa Askofu Mkuu wa Westminster, London. Mwezi wa Oktoba mwaka huo majeshi ya Mussolini yaliingia Ethiopia, na Waingereza wakauliza mbona Papa kanyamaza. Hinsley alijibu kanisani. Alilaani ufashisti, akaeleza hasira yake kwamba Afrika iliyokwisha dhulumiwa, isiyo na silaha, inafanywa uwanja wa mauaji ya kisasa. Katika kumtetea Papa alisema kwamba yeye ni mzee asiye na nguvu, mwenye askari wachache tu wa kumlinda. Utetezi huo uliwachukiza wengi kuliko lawama. Ukardinali hakuupata mpaka Desemba, 1937.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyemlaani Mussolini alimwunga mkono Jenerali Franco wa Hispania, na picha ya Franco aliiweka mezani pake. Aliona upande mmoja tu, wa makanisa yaliyochomwa na mapadre waliouawa.

Wakati wa vita kuu sauti yake ilisikika redioni mara nyingi. Mwezi wa Desemba, 1940, yeye na viongozi wa Waprotestanti walitia sahihi barua moja katika gazeti la The Times, wakidai kwamba tofauti kubwa za mali ziondolewe, kila mtoto apate nafasi sawa ya elimu, na mali ya dunia itumiwe kwa faida ya watu wote. Chama chake, Sword of the Spirit, kilitaka kuwaunganisha Wakristo wote katika kazi hiyo, lakini maaskofu wenzake waliogopa, na mwaka 1941 Waprotestanti wakanyimwa uanachama kamili. Mwaka 1942 alitangaza mauaji ya Wayahudi katika Poland, wakati ambapo watu wengi wakubwa hawakutaka kusadiki.

Alifariki tarehe 17 Machi, 1943, akiwa na umri wa miaka 77, akazikwa katika kanisa kuu la Westminster, katika kikanisa cha Mtakatifu Yosefu, seremala.