Emin Pasha, Liwali wa Ikweta

Wenzetu wa Kanoni washukapo Bukoba huambiwa kwamba boma la kwanza la mji ule lilijengwa na Mdachi, Emin Pasha. Lakini jina hilo si la Kidachi, wala hakupewa na wazazi wake.

Alizaliwa Oppeln, nchi ya Silesia, tarehe 28 Machi 1840, akaitwa Eduard Schnitzer. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake alipokufa mwaka wa 1845, mama yake aliolewa na Mkristo, na watoto wakabatizwa katika Kanisa la Kilutheri. Akasoma udaktari, akamaliza mwaka wa 1864. Ila hakupata ruhusa ya kutibu watu kwao, akaenda kuwatumikia Waturuki. Huko liwali mmoja alimkaribisha nyumbani mwake. Liwali huyo alipokufa mwaka wa 1873, Schnitzer akamleta mjane na watoto hata Neisse, kwa ndugu zake, akisema ni jamaa yake mwenyewe. Mwezi wa Septemba 1875 akatoroka, akawaacha katika nchi ngeni. Neno hili halifai kufichwa, maana alipofika Khartoum mwaka ule ule alijiita Mehemet Emin, na maana ya Emin ni mwaminifu. Watu wakamhesabu kuwa Mwislamu.

Mwaka wa 1876 Gordon alimweka kuwa mganga mkuu wa Ikweta, jimbo la Misri lililokuwa kusini mwa Sudani, akamtuma pia kwa Mutesa wa Buganda na Kabarega wa Bunyoro. Mwaka wa 1878 akafanywa liwali wa jimbo lote. Hakuwa askari kwa asili yake. Alipenda kukusanya ndege na mimea, na macho yake yalikuwa mabovu. Walakini aliwapinga wauza watumwa, na mapato ya jimbo yakazidi matumizi.

Kisha wafuasi wa Mahdi wakaifunga njia ya Misri. Gordon akauawa Khartoum Januari 1885, naye Emin akarudi nyuma mpaka Wadelai. Stanley alipomfikia Aprili 1888 ili amtoe, Emin alisitasita, hakutaka kuwaacha watu wake. Agosti askari wake wenyewe wakaasi, wakamfunga Dufile. Mwaka wa 1889 akaondoka pamoja na Stanley, wakapita Karagwe, wakafika Bagamoyo tarehe 4 Desemba. Usiku ule karamuni alianguka dirishani, akaumia kichwa vibaya.

Alipopona akaingia kazi ya Wadachi, na mwisho wa mwaka wa 1890 akajenga Bukoba. Hakukaa. Februari 1891 akashika njia ya Karagwe tena pamoja na Dakta Stuhlmann, akapita mpaka wa Wadachi bila amri, akitumaini kuwapata askari wake wa zamani. Aliwaona wengine, lakini hawakutaka kumfuata.

Ndipo ndui ikaingia katika msafara. Desemba 1891 akamwamuru Stuhlmann awachukue wazima, awarudishe Bukoba. Yeye mwenyewe, akiwa karibu kipofu, akabaki na wagonjwa, ingawa angaliweza kwenda.

Baadaye akaelekea Kongo na watu waliosalia. Oktoba 1892 huko Kinena alikamatwa na watu wa Waarabu wauza watumwa, akauawa. Binti yake Ferida, aliyezaliwa Ikweta na mama wa Kihabeshi, alilelewa Neisse na shangazi yake, katika mji ule ule alikoachwa mjane wa liwali.