Mtakatifu Atanasi na Zaburi ya 3: Maadui Wanapokuwa Wengi



Kijana mwenzangu, zaburi zinazoomba msaada dhidi ya maadui zina mashabiki wengi siku hizi. Wapo wanaozisali usiku wa manane huku wakitaja majina: jirani, shangazi, bosi, rafiki aliyewageuka. Wengine wanaziruka kabisa. Wanajiuliza, Mkristo aliyeagizwa kuwapenda adui zake anawezaje kumwomba Mungu avunje meno ya watu wabaya? Na Zaburi ya 3 inayagusa hayo meno waziwazi.

Basi leo tuisome tukiongozana na mtu ambaye maadui zake hawakuwa wa kudhania. Walikuwa na majeshi na mihuri ya kifalme. Ni Mtakatifu Atanasi, Askofu wa Aleksandria na Mwalimu wa Kanisa.

Atanasi alizaliwa Misri mwishoni mwa karne ya 3. Mwaka 325, akiwa bado kijana na shemasi, alimsindikiza askofu wake Aleksanda kwenye Mtaguso wa Nisea. Vita ilikuwa juu ya mafundisho ya Ario, padre wa Aleksandria, aliyesema Mwana wa Mungu ni kiumbe, bora kuliko vyote lakini kiumbe tu. Mtaguso ukakataa, ukakiri kwamba Mwana ana umungu uleule wa Baba. Ndiyo imani tunayoikiri kila Dominika katika Nasadiki.

Usidhani ulikuwa ubishi wa wasomi. Atanasi aliona hivi: kama Kristo ni kiumbe mwenzetu, hawezi kutushirikisha uzima wa Mungu, kwa sababu hakuna anayetoa asichokuwa nacho. Ukiondoa umungu wa Mwana, umeondoa wokovu wetu. Kwa hiyo hakuwa tayari kulegeza.

Mwaka 328 Aleksanda alifariki, Atanasi akachaguliwa kushika nafasi yake. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi, na wapinzani wakaanza na hilohilo: eti ni mdogo mno. Alibaki askofu kwa miaka 45. Katika miaka hiyo alifukuzwa mara 5, chini ya makaisari 4, na muda aliokaa nje ya jimbo lake ukafika kama miaka 17.

Mashtaka yenyewe sasa! Mwaka 335, kwenye sinodi ya Tiro, ilidaiwa kuwa amemuua askofu mmoja aitwaye Arseni na kumkata mkono ili autumie kwa uchawi. Mkono wenyewe ulikuwa ukitembezwa kama ushahidi. Kumbe Arseni alikuwa amefichwa, yu hai, na mikono yake yote miwili. Unaona, tuhuma za uchawi hazikuanza kijijini kwenu. Hilo lilipoporomoka likaja jingine, kwamba ametishia kuzuia nafaka ya Misri isipelekwe Konstantinopoli. Kaisari Konstantino akampeleka uhamishoni Trier, mji ambao leo uko Ujerumani. Alirudi mwaka 337. Mwaka 339 akaondolewa tena, akakimbilia Roma, akarudi nyumbani 346.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 8 Februari 356. Waamini walikuwa katika mkesha kwenye kanisa la Theona, askari wakalizingira. Atanasi hakukurupuka. Aliketi kwenye kiti chake cha kiaskofu, akamwagiza shemasi asome zaburi na watu waitikie kwamba fadhili za Mungu hazina mwisho. Alitaka waamini watoke kwanza. Askari walipovunja na kuingia, mapadre na wamonaki wakamtoa katikati ya vurugu bila kuonekana. Akatokomea jangwani, akafichwa na wamonaki kwa karibu miaka 6.

Mtu huyu ametuachia barua moja nzuri sana juu ya Zaburi, aliyomwandikia Marselino. Marselino alikuwa ameugua, na muda wa ugonjwa aliutumia kusoma Maandiko, hasa Zaburi. Atanasi anamshirikisha mambo ambayo, anasema, aliyapokea kwa mzee mmoja. Wazo kuu ni hili: vitabu vingine vya Biblia unavisikiliza kama maneno ya Musa, ya Isaya, ya mwingine. Zaburi ukizisali, zinakuwa maneno yako mwenyewe. Ni kama kioo: unaona humo hasira yako, hofu yako, furaha yako, na unajifunza namna ya kuzipeleka kwa Mungu. Halafu anapendekeza zaburi kwa kila hali. Kwa mtu anayeteswa na watu wake mwenyewe, na waliosimama kinyume naye ni wengi, anapendekeza Zaburi ya 3.

Hebu tufungue Biblia. Kichwa cha zaburi hiyo kinasema ni ya Daudi alipomkimbia Absalomu, mwanawe. Simama hapo kidogo. Adui wa zaburi hii ni mtoto wa kuzaa! Ukisoma Samweli wa Pili, sura ya 18 na ya 19, utakuta Daudi anawaagiza makamanda wake wamtendee Absalomu kwa upole, na anapoletewa habari ya kifo chake analia mpaka ushindi unageuka msiba. Huyo ndiye anayesali. Anataka kuokolewa, hataki mwanawe aangamie.

Mwenye zaburi anaanza kwa kumhesabia Mungu idadi ya maadui, na anakiri kinachomuuma zaidi: watu wanasema hata Mungu hatamwokoa. Hafichi. Ila baada ya hapo macho yanahama. Anamwita Mungu ngao yake, anayemwinua kichwa. Kisha analala usingizi, anaamka salama. Maadui bado wapo maelfu, na yeye amelala! Mababa wa Kanisa waliona katika kulala na kuamka huko kifo na ufufuko wa Kristo.

Na yale meno? Fikiria mnyama mkali. Akivunjwa meno bado yu hai, ila hawezi kurarua tena. Mwenye zaburi anaomba uovu unyang'anywe nguvu ya kudhuru, na kazi hiyo anamwachia Mungu. Hajachukua nyundo mwenyewe. Tena katika sala yenyewe hakuna jina la adui hata mmoja, na neno la mwisho ni kuomba baraka ishuke juu ya taifa lote la Mungu, taifa ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa imemfuata Absalomu.

Je, Atanasi aliiishi zaburi hiyo? Tusimpambe kupita kiasi. Kalamu yake ilikuwa kali, na Kaisari Konstansio alimwandika kama mtangulizi wa Mpinga Kristo. Lakini angalia kilichotokea mwaka 362. Konstansio alikuwa amefariki. Giorgi, aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti cha Atanasi, alikuwa ameuawa na umati wenye hasira. Atanasi akarudi mjini, na nafasi ya kulipiza kisasi ikawa mikononi mwake. Yeye akaitisha sinodi Aleksandria. Waliokuwa wametia saini maungamo ya Kiario kwa kushinikizwa, walipoikiri imani ya Nisea, wakapokelewa. Tayari alikuwa ameandika kwamba wale waliolikwepa neno la Nisea lakini wakashika maana yake wahesabiwe ndugu. Imani hakuipunguza hata chembe. Alichofanya ni kuwafungulia mlango waliokuwa upande wa pili.

Alifukuzwa mara mbili zaidi, na Juliano na Valensi, akarudi. Alifariki Aleksandria tarehe 2 Mei 373. Miaka 8 baadaye, Mtaguso wa Konstantinopoli ukaithibitisha imani aliyoiteseka. Yeye hakuuona ushindi huo kwa macho.

Kijana mwenzangu, ukisemwa vibaya kwenye kundi la WhatsApp, ukisingiziwa kazini, ukigeukwa na ndugu wa damu, usikimbilie kunyamaza kana kwamba hauumii. Isali Zaburi ya 3 kabla ya kulala. Mwambie Mungu ni wangapi na wamesema nini. Mwombe avunje meno ya uovu, na ikiwa kuna meno kinywani mwako mwenyewe, ayaguse pia. Jina la aliyekukosea likikujia, litaje, lakini litaje kwenye ule mstari wa mwisho, pale penye baraka. Ni pagumu, najua. Halafu ulale.

Mtakatifu Atanasi, utuombee.