Al-Kindi na Dawa ya Huzuni

Wengi humjua al-Kindi kwa falsafa na hesabu. Sisi leo tunakikumbuka kijitabu chake cha kuondoa huzuni. Mzaliwa huyu wa Kufa alisimamia huko Baghdad, katika karne ya 9, tafsiri za vitabu vya Wayunani, akachota kwao fundisho hili: tulivyo navyo ni vya kuazima, na Mwenyewe akivitaka, aliyeazimwa hana haki ya kunung'unika. Waislamu hatulioni kuwa geni. Akatufananisha na abiria wa jahazi walioshuka pwani kuokota mawe na maua. Waliochelewa walirudi na mizigo, wakapata nafasi finyu tu. Mtihani ulimfika mwenyewe. Zama za Khalifa al-Mutawakkil (847-861) alipigwa, na maktaba yake yote ikachukuliwa. Wanahistoria wanasimulia kuwa alirejeshewa vitabu hivyo kabla ya kufariki, yapata mwaka 873.