Edward Steere (1828–1882): Mfasiri, Upatanisho wa Ngeli na Suala la Utatu

Makala hii inaeleza kwa ufupi maisha ya Askofu Edward Steere kwa kuzingatia suala ambalo hadi leo huwagawanya Wakristo: je, fundisho la Utatu limo katika Biblia, au ni zao la mitaguso ya Nikea (325) na Konstantinopoli (381)? Msomaji wa Biblia ya Kiswahili, awe Kichiwa mkoani Njombe au Mkunazini mjini Unguja, hulikabili suala hilo kupitia lugha ambayo Steere alishiriki sana kuiwekea misingi ya maandishi ya Kikristo.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria kabla ya kuingia katika utumishi wa Kanisa la Uingereza. Mwaka 1863 alifuatana na Askofu William Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, na mwaka 1864 wakahamia Unguja baada ya kushindwa kujikita katika eneo la mto Shire. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, na mwaka 1870 akachapisha sarufi yake pamoja na mkusanyo wa hadithi za Waswahili. Alipewa uaskofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 akaanzisha kituo cha Masasi. Alifariki Unguja Agosti 1882. Agano Jipya alilolifasiri lilitolewa kwa ukamilifu mwaka uliofuata.

Steere alifasiri akiwa na hadhira mbili: watumwa walioachwa huru, waliokuwa wakijifunza imani mpya, na Waislamu wenye elimu ya tauhidi. Miongoni mwa hao wa pili alikuwamo Sheikh Abdulaziz al-Amawi, aliyejadiliana na wamisionari wa Unguja. Katika mazingira hayo, kila neno lililomhusu Mungu lilipimwa.

Katika sarufi yake Steere alibainisha kanuni muhimu: nomino zinazotaja viumbe hai huchukua upatanisho wa ngeli ya 1 na 2, hata kama maumbo yake ni ya ngeli nyingine. Kanuni hiyo humweka mfasiri wa neno roho njiapanda. Katika Kigiriki, pneuma ni nomino ya jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, na jinsia hiyo haiamui kama kinachotajwa ni nafsi. Hata neno teknon, yaani mtoto, ni la jinsia hiyo hiyo. Kiswahili hakimwachii mfasiri nafasi hiyo. Biblia ya Union ya mwaka 1952, iliyotokana na tafsiri za Unguja na Mombasa, inatumia upatanisho wa ngeli ya 9 katika Mwanzo 1:2, lakini katika Yohana 14:26 inatumia Roho Mtakatifu. Mashahidi wa Yehova, wanaokana Utatu, huandika roho takatifu.

Hivyo basi, anayetetea Utatu kwa kiambishi m- na anayeukana kwa umbo takatifu wote wawili wanategemea uamuzi wa mfasiri, si ushahidi wa matini ya asili. Maisha ya Steere yanatufundisha kwamba upatanisho wa ngeli huweza kudhihirisha imani ya mfasiri, lakini hauwezi kuithibitisha. Wanafunzi wa tafsiri hawana budi kuutambua mpaka huo.